Mashuka Ishirini na Manne Angani

Ukimwuliza kaka yangu safari ya ndege huchukua muda gani, hakujibu mpaka ajue kwanza unafanya kazi gani. Ameuza tiketi miaka ishirini na miwili katika chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la vitabu vya shule na duka la dawa. Ndani mna meza mbili, feni ya darini inayolalamika kila ikimaliza mzunguko, viti vinne vya wateja, na ramani kubwa ya ukutani iliyopauka upande unaopigwa na jua. Mtaani wanamwita Kilomita. Jina hilo alipewa na muuza magazeti wa pale nje, na limemganda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Hata mimi mdogo wake, ambaye ni lazima nimwite Kaka, nikikasirika humwita Kilomita.

Safari anayoiuza kuliko zote ni ile ya kutoka mji wetu kwenda mji mkubwa. Kwa barabara ni kilomita elfu moja na arobaini, basi linakesha saa kumi na sita. Kwa ndege ni kilomita mia saba na kumi tu, kwa sababu barabara inazunguka milima na ndege haina habari na milima. Muda wake ni saa moja na dakika thelathini na tano, kwa ile ndege ndogo ya mapanga mawili. Mwingine angekuandikia hivyo kwenye karatasi akakuaga. Kaka hawezi. Alikuja kinyozi anayesafiri mara ya kwanza, midomo imemkauka, na Kaka akamwambia: vichwa vinne, cha mwisho kina ndevu. Kinyozi akacheka, akatoa kitambulisho chake. Mwalimu aliambiwa vipindi viwili na mapumziko mafupi. Fundi cherehani aliambiwa suruali moja, asipopigiwa simu na mwenye suruali. Shabiki wa mpira ndiye aliyepewa jibu rahisi kuliko wote: mechi nzima na dakika tano za nyongeza, ila wachezaji hawaendi mapumziko.

Kaka anasema binadamu haogopi dakika, anaogopa muda asioujua umbo lake. Mpe umbo analolijua kwa mikono yake, atapanda. Na kweli walipanda. Nimekaa kwenye kile kiti cha pembeni nikimsubiri tutoke pamoja, nimeona wazee wanaingia wakitetemeka na kutoka wanatembea kama waliokwisha kufika.

Sasa ngoja niwaambie jambo ambalo familia nzima tulilitazama miaka yote bila kuliona. Kila mwaka shirika la ndege huipa ofisi tiketi moja ya bure kwa ajili ya mfanyakazi, na kila mwaka Kaka aliigawa. Mwaka mmoja alimpa mama anayefagia ofisi, akaenda kumwona mjukuu. Mwaka mwingine alimpa mjomba wetu. Mimi nilipewa ya fungate yangu. Tulimsifu mpaka tukachoka. Tulisema ana moyo wa kutoa, mkono wake si wa birika, amemrithi marehemu baba. Yeye mwenyewe kwa safari zake alipanda basi. Alimpeleka mkewe fungate kwa basi, siku mbili njiani, eti ili waione nchi. Wifi yangu hadi leo akisikia neno nchi anajishika kiuno.

Mama anaishi kwa Kaka. Ni mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, na mikono hiyo imetulea. Alipiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli miaka thelathini na mmoja, mashuka na foronya, mashuka na foronya. Jicho lake la kulia lilikufa zamani kwa presha ya jicho ambayo hakuna aliyeijua mpaka imekwisha kazi yake. La kushoto lilianza kuingia ukungu kama miaka sita iliyopita, naye akaficha. Alihesabu hatua kutoka kitandani mpaka mlangoni. Alitutambua kwa viatu. Mpaka siku alipoteleza bafuni akavunjika nyonga, ndipo tukagundua kwamba hakuiona ndoo iliyokuwa katikati ya njia.

Daktari wa macho wa hapa kwetu alituambia bila kuuma maneno. Mtoto wa jicho alikuwa amekomaa na kuwa mgumu, jicho lenyewe ndilo pekee lililobaki, na yeye hakuthubutu kuligusa. Daktari bingwa alikuwa anakuja kwenye hospitali ya mji mkubwa kwa wiki mbili tu, mara moja kwa mwaka. Mama aliandikiwa Jumatano, saa tatu asubuhi. Nikamwuliza, na tukisubiri mwaka kesho? Akasema mwaka kesho hatakuwa na cha kupasua, giza litakuwa limekwisha kuhamia.

Basi halikuwezekana. Nyonga ile haikuweza kukaa saa moja kwenye kiti bila kulia, sembuse kumi na sita. Ikabaki ndege. Na Mama, ambaye hajawahi kumwogopa mtu, si meneja wa hoteli wala mwenye nyumba, alisema hapandi. Alisema amekwisha kuona vya kutosha, sura zetu anazijua, na kama ni giza, hata kaburini lipo. Tulimbembeleza wiki nzima. Wifi alilia. Mimi nilimfokea, halafu nikamwomba radhi kwa kumfokea.

Kaka alingoja tumalize. Kisha akavuta kigoda, akakaa mbele ya Mama, magoti kwa magoti, kama anavyokaa na mteja.

"Mama, shuka moja ulikuwa unalipiga pasi kwa muda gani?"

"La kitanda kidogo au kikubwa?"

"Kidogo."

"Na kulikunja?"

"Na kulikunja."

"Dakika nne. Wale wasichana wa siku hizi wanatumia kumi."

"Basi safari ni mashuka ishirini na manne ya kitanda kidogo. Unapiga pasi, unakunja, unaweka pembeni. La ishirini na nne, dakika moja kabla hujamaliza kulikunja, umefika."

Vidole vya Mama vilikuwa vinatembea juu ya paja, vinanyoosha upindo usiokuwepo. Mashuka ishirini na manne hayakuwa kitu kwake, alikuwa anayamaliza kabla ya chai ya asubuhi.

"Nitapanda," akasema. "Ila wewe ukae ubavuni pangu. Si mdogo wako. Wewe."

Nilimtazama Kaka nikitegemea atacheka. Akasema sawa, tutaona, ofisini siku hizi kuna kazi nyingi.

Hiyo tutaona ikaendelea. Kesho yake alisema mwenye ofisi hajampa ruhusa. Keshokutwa akasema ruhusa ipo lakini mfumo wa kompyuta unabadilishwa, hapana mwingine anayeujua. Jumamosi akasema labda mimi niende na Mama, yeye aje nyuma kwa basi, atukute huko huko. Nilimwambia Mama hatakubali. Akasema nimshawishi, mimi mwanamke, nina maneno. Nina duka la sare za shule, nashinda na wazazi wanaoapa kwamba kaptura ilijichana yenyewe, kwa hiyo uongo naujua hata ukiwa bado haujavaa viatu.

Jumatatu, siku moja kabla ya safari, nilifunga duka mchana nikaenda ofisini. Kaka alikuwa ametoka kupeleka barua. Mwenye ofisi, mama mmoja mpole anayevaa miwani miwili, mmoja puani na mmoja kichwani, aliniuliza hali ya mgonjwa. Nikamshukuru, nikamwomba asione vibaya, lakini kama angeweza kumruhusu kaka yangu hata siku tatu. Alivua miwani ya puani.

"Mbona ruhusa nilimpa tangu wiki tatu zilizopita? Nilimpa wiki mbili nzima, kuanzia kesho. Nikamwambia hata asinipigie simu."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Kaka ilikuwa fupi kuliko zote alizowahi kuuza.

Aliporudi akanikuta nimekaa kwenye kiti cha mteja, mbele ya meza yake. Mwenye ofisi akakumbuka kwamba ana shughuli duka la dawa. Kaka alikaa, akapanga kalamu zake, akazipanga tena. Sikumsaidia.

"Naogopa," akasema.

Nilidhani anaogopa upasuaji. Nikamwambia sote tunaogopa.

"Ndege," akasema. "Naogopa ndege. Nakijua kila kitu chake, viti, mizigo, kilomita, dakika. Kitu kimoja tu sijawahi kukielewa, kinachoishikilia kule juu. Wameshanieleza. Nimesoma. Sikielewi."

Pale ndipo tiketi zote za bure zilipopita mbele yangu moja moja, ya mfagizi, ya mjomba, ya fungate yangu. Kinyozi hajinyoi, najua, lakini kinyozi huyu hata wembe hakuwahi kuugusa. Ningeweza kucheka, na siku nyingine ningecheka mpaka mbavu ziume. Siku hiyo nilikasirika. Nilimwambia sitaki kusikia, kwamba Jumatano saa tatu haimsubiri mtu, na kama Mama atapofuka kwa sababu ya aibu yake, basi aishi akijua hivyo.

"Miaka ishirini na miwili nawaambia watu wasiogope," akasema. "Wakijua, nani atanunua tiketi kwangu?"

"Mama hanunui tiketi. Mama anataka uje."

Feni ililalamika mizunguko kadhaa. Kisha Kaka akavuta kibodi, akaanza kuandika taratibu kwa vidole viwili, yeye ambaye huandika kwa kumi. Mashine ikatoa tiketi tatu. Safu ya saba: Mama dirishani, yeye ubavuni pake, mimi upande wa pili wa njia. Alinipa yangu na ya Mama nishike, ile yenye jina lake akaishika mwenyewe, akaisoma mwanzo hadi mwisho kana kwamba haikuandikwa na yeye.

Jioni wifi alipomfungia begi nilimweleza nilichogundua. Hakushtuka hata kidogo. Alisema alijua tangu siku ya pili ya fungate, basi lilipoharibika na uwanja wa ndege ukawa ng'ambo ya barabara, naye akakataa kuvuka. "Nilimwacha na siri yake," akasema, "kwani mimi yangu hajui?" Sikumwuliza yake ni ipi.

Jumanne asubuhi tulifika uwanjani mapema mno. Mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, kitambaa kipya kichwani, anasikiliza kila kitu kwa kugeuza shingo. Kaka alijikaza kisabuni. Alizungumza na kila mhudumu, wote wanamjua kwa simu, wengine walitaka kumwona Kilomita ana sura gani. Alicheka nao. Kwenye ngazi ya ndege ndipo nilipoona shati lake limelowa mgongoni, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Alisimama kwenye ngazi ya tatu. Nyuma yake nilikuwa mimi na nyuma yangu abiria arobaini. Sikumsukuma. Mama, ambaye wahudumu walikuwa wamekwisha kumpandisha, aliita kutoka ndani.

"Uko wapi wewe? Nimeketi peke yangu kama mzigo."

Akapanda.

Mlango ulipofungwa, Mama alianza kuhesabu. Hapo ndipo palipokuwa na kosa, na lilikuwa kosa la wapiga pasi. Kwao kazi huanza pasi inapochomekwa kwenye umeme, iwe imepata moto au haijapata, kwa sababu ukishaichomeka huruhusiwi kuondoka. Mlango kwake ulikuwa ndiyo kuchomeka. Lakini ndege ilisogea mpaka mwisho wa njia yake, ikasimama. Rubani akatangaza kwamba mji mkubwa una mvua, tusubiri kidogo. Tukasubiri dakika ishirini na tano. Mama alikuwa shuka la saba na magurudumu bado yako chini.

Kaka alikuwa amefumba macho tangu mkanda ulipofungwa. Mimi namjua kaka yangu kwa hesabu, anaweza kukuambia dakika bila kutazama saa. Siku hiyo hesabu yote ilimtoka. Ndege iliponguruma na kukimbia, mkono wake ulishika ule wa kiti mpaka kucha zikawa nyeupe. Mama alipapasa, akaupata, akauondoa kwenye chuma, akauweka juu ya paja lake chini ya mkono wake mkubwa.

"La nane," akasema.

Tulipanda. Nje upande wangu kulikuwa na mawingu na mawingu tu, juu, chini, kando, kama mtu ametufunga ndani ya pamba. Ndege ikatikisika. Kaka akatoa sauti ndogo ambayo nilijifanya sikuisikia.

"Mama," akasema, macho yamefumbwa vile vile, "tuko juu ya nini?"

Mama aligeuka dirishani. Jicho lake moja, lenye ukungu ndani, likatazama ukungu wa nje.

"Naona mto," akasema. "Mto mpana, maji yake rangi ya chai. Kuna watu wanafua kando yake."

"Wanaonekana?"

"Wanaonekana vizuri. Mmoja ametandika mashuka juu ya majani. Hakuyasuuza, yamebaki na sabuni."

Nilitazama nje tena kuhakikisha. Pamba. Kaka akashusha pumzi. Baada ya mashuka mawili akauliza tena, na Mama akamwonyesha barabara yenye lori jekundu limebeba vitanda. Kaka akauliza lori linaelekea wapi. "Tunakoelekea sisi," Mama akasema, "ila sisi tutatangulia." Akamwonyesha shule iliyotoka mapumziko, akamwonyesha bibi mmoja anayegombana na mbuzi wake. Mwanamke ambaye kwa miaka sita hakuona ndoo bafuni aliona mbuzi kutoka angani. Nilijiuma ulimi. Abiria aliyekaa kando yangu, bwana mmoja mwenye tai, aliinama kuchungulia dirisha la upande wa Mama, akanitazama, nami nikamtazama kwa jicho la kumnyamazisha. Akarudi kwenye gazeti lake.

Mama alipolikunja shuka la ishirini na nne, nilitazama saa yangu. Zilibaki kama dakika ishirini na tano. Niliona ameelewa. Vidole vyake vilisimama juu ya mkono wa Kaka. Ahadi ya mwanawe ilikuwa imekwisha na bado tuko juu, na mwanamke huyu hakuwahi kumsamehe mtu aliyemdanganya muda. Nilijiandaa kwa lolote.

"La ngapi, Mama?" Kaka akauliza.

"La kumi na nane," akasema Mama. "Usinikatize, haya yaliyobaki ni ya kitanda kikubwa."

Akaanza kuyapiga pasi upya, polepole, kwa kidole gumba juu ya mgongo wa mkono wa Kaka, kutoka upindo hadi upindo. Alipofika tena ishirini na nne, magurudumu yaligonga ardhi. Kaka alifumbua macho ndege iliposimama kabisa, akatazama nje, akasema barabara ya uwanja huu ni mita elfu mbili na mia nane. Nikajua amerudi.

Usiku wa kuamkia upasuaji sikulala, na Mama hakulala. Kaka alikuwa amelala kwenye benchi la nje ya wodi kama gunia. Nilimwuliza Mama kama alikuwa anaujua woga wa Kaka.

"Baba yenu alikuwa anawarusha juu mkiwa wachanga," akasema. "Wewe ulikuwa unacheka mpaka unapaliwa. Yeye alilia kila siku, mpaka nikamkataza baba yenu."

Nikamwuliza, sasa kama alijua, kwa nini alimlazimisha?

"Nilikuwa naogopa mimi. Ungekaa wewe ubavuni, wewe huogopi kitu, ningekaa na woga wangu safari nzima. Nilitaka mtu anayeogopa kunishinda. Ukimshika mwenzio mkono, huna mkono wa kutetemeka nao." Kisha akaniambia nilale, kelele zangu zinaleta mbu.

Jumatano saa tatu waliingia naye. Sitaeleza saa ile, maana sikumbuki chochote isipokuwa vigae vya ukutani, vilikuwa kumi na vinane kwa kumi na mmoja. Bingwa alitoka akiwa bado na kofia yake, akasema jicho limekubali. Alhamisi walimfungua bandeji. Waliruhusu mtu mmoja chumbani, na Kaka alisema niingie mimi, yeye aende kuthibitisha tiketi za kurudi, ingawa hakuna mtu duniani anayejua kama yeye kwamba tiketi zile hazihitaji kuthibitishwa. Mama alipepesa jicho lake, likatoa machozi, likatulia juu yangu.

"Umenenepa," akasema. Nikalia kama mtoto.

Wakamvisha miwani myeusi mizito, asiivue siku sita, hata ndani. Kwa hiyo siku zile zote katika chumba cha kupanga tulichokaa, Kaka kwake alikuwa kivuli kinacholeta uji na kuuliza kama shuka limenyooka. Siku ya saba asubuhi bingwa alimpima mara ya mwisho, akamruhusu aivue, na kutoka hospitalini tulikwenda uwanjani moja kwa moja, mbio, kwa sababu foleni ilitukalia. Hapakuwa na nafasi ya kutazamana. Kaka alikuwa mbele anapigana na mizigo, mgongo tu.

Tulikaa vile vile, Mama dirishani, yeye ubavuni, mimi ng'ambo ya njia. Siku hiyo anga ilikuwa safi, hakuna hata wingu la kufutia kioo. Kaka alifumba macho mlango ulipofungwa. Nilitegemea pengine safari moja imemponya, lakini woga wa miaka hamsini na mmoja hauondoki kwa tiketi moja. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye paja la Mama. Ndege ikaondoka kwa wakati, ikapanda. Chini, upande wangu, mambo yote yalikuwa wazi kabisa: mto ulikuwepo, barabara ilikuwepo, mabati ya nyumba yalimetameta. Nikafurahi kwa ajili ya Mama. Nikageuka nione anavyoona.

Hakuwa ametazama nje. Alikuwa amegeuza mwili mzima, nyonga na yote, mgongo kwa dirisha, na jicho lake lilikuwa usoni mwa Kaka. Mwanga wa dirisha ulimwangukia Kaka vizuri. Mama alikuwa anaanzia kwenye nywele, anashuka taratibu, hakuruka mahali.

Muda mrefu ulipita. Kaka akauliza, "Mama, tuko juu ya nini?"

"Sijui."

"Si uko dirishani?"

"Sijatazama dirishani."

Mama akainua mkono, akagusa mvi za kando ya sikio la Kaka, kisha mikunjo miwili ya kando ya mdomo, kwa kidole gumba, kama mtu anayejua kwamba hii haitanyooka.

"Mara ya mwisho kukuona vizuri ulikuwa na miaka arobaini na mitano," akasema. "Hizi hukuwa nazo. Hili kovu la kidevuni nalo silijui. Ulizeeka lini, mwanangu, na mimi niko nyumba moja na wewe?"

Kaka aliukamata mkono wa Mama, macho yamefumbwa vile vile.

"Fumbua macho," Mama akasema. "Yamebaki hayo tu, nayo nataka niyaone."

Tulikuwa katikati kabisa ya safari, kilomita zaidi ya mia tatu kila upande. Kaka akamgeukia, akayafumbua.